Mtoto Aliyehesabiwa Mara Mbili

Kabla manowari haijaonekana, Limenwa alishaangalia kaskazini mpaka macho yakamchoma, na si macho peke yake. Shingo, kwapa, katikati ya vidole vya miguu, kila mahali ule unga mweupe ulipolala juzi palikuwa kama pamesuguliwa pilipili. Ulianguka kutoka mchana hadi jioni, siku ile mwanga mkubwa wenye mshindo kama wa bomu ulipochomoza magharibi kabla ya jua lenyewe kutoka mashariki. Watoto waliuchezea. Wengine waliulamba. Sasa kisiwa kizima kilikuwa kinatapika.

Lakini Limenwa hakuwa akijiwazia yeye. Mumewe, Lomuto, alikuwa Enilok, kisiwa cha mwisho kaskazini, ng'ambo ya bahari ya ndani inayozungukwa na visiwa. Alikwenda na ngalawa kuchimba uwanga, mizizi ya chakula, peke yake, kwa siku tano, na hii ilikuwa ya nne. Nao unga ulitoka upande huohuo wa kaskazini. Ikiwa huku ulilala kimo cha ukucha, kule ulilala kimo gani? Hilo ndilo alilokuwa akijiuliza huku anajikuna.

Manowari ya wazungu ilitia nanga asubuhi, na mashua zikaja ufukweni. Wanamaji wawili walitangulia na kisanduku kilichokuwa kikilia tatata kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Walikielekeza kwenye mapaa, kwenye pipa la maji ya mvua, kwenye nywele za watu, na kila walipokielekeza kililia zaidi. Walitazamana tu, mmoja akajifuta mikono kwenye suruali, na hapo watu wakaelewa kuwa jambo ni baya.

Aliyesema ni mkalimani wao, Kalep, mtu wa makamo kutoka Majuro, mtu wa visiwa kama wao ila yeye alivaa viatu na kuweka penseli nyuma ya sikio. Alisema watu wote wapande manowari sasa hivi, waende kisiwa cha Kwajalein, na kila mtu apande na nguo aliyovaa mwilini. Asibebe mkeka, asibebe kapu, asibebe kitu. Walipouliza watarudi lini, alisema hajaambiwa. Walipouliza wamekosa nini, alisema hajaambiwa. Mwanamke mmoja akamwuliza kama ameambiwa jina lake mwenyewe, na Kalep akainamisha kichwa.

Limenwa alimsogelea palepale ufukweni akamweleza kwamba mumewe yuko Enilok. Kalep akamjibu vizuri tu, kwamba kwanza wanaandikwa waliopo, wasiokuwepo watashughulikiwa baadaye. Basi akangoja. Kungoja alikujua. Mwanamke anayesuka mkeka wa majani ya mkadi kwa miezi minne hawezi kushindwa na asubuhi moja.

Bahati mbaya ni kwamba kabla zamu yake ya kusikilizwa haijafika, Jortak aliharibu mambo. Jortak alikuwa na maneno matamu kuliko samaki wa kwanza. Alipofika juu ya manowari alijishika kichwa akasema amemsahau mama yake, kikongwe, kalala ndani. Wanamaji wakarudi naye mbio na machela. Akawapeleka nyuma ya nyumba, akafungua zizi, akatoka amemkumbatia nguruwe jike. Kule juu watu walicheka mpaka waliokuwa wanatapika wakapaliwa. Mmoja akamwuliza Jortak kama mama huyo aliwanyonyesha ndugu zake wote au alichagua. Lakini ofisa mwenye miwani, mkubwa wa shughuli ile, hakucheka hata kidogo. Nguruwe aliachwa ufukweni. Na ofisa akatangaza kwa kinywa cha Kalep kwamba kuanzia hapo hakuna mashua itakayomrudia mtu yeyote kwa maneno matupu. Yeye atafuata karatasi.

Karatasi yenyewe aliiandika Kalep, amekaa juu ya sanduku pale ngazi ya kupandia ilipofikia. Wanaume waliandikwa kila mmoja kwa jina lake. Wanawake waliulizwa jina, kisha watoto. Neitok, mdogo wake Limenwa, alipoulizwa alisema watoto watatu, wavulana wawili na Jenlik. Limenwa alipoulizwa alisema mmoja, Jenlik. Wote wawili walisema kweli. Jenlik alitoka tumboni mwa Neitok, na siku alipoacha ziwa Neitok alimchukua kwa mkono wake mwenyewe akamkalisha mapajani pa dada yake, ambaye hakujaliwa kuzaa. Hakuna aliyepoteza na hakuna aliyenyang'anya. Visiwani dada wa mama ni mama, hana neno jingine. Mtoto alikuwa na miaka saba na alikula mahali ambapo chungu kilitangulia kuiva.

Baada ya kuandikwa, walioshwa. Walisimamishwa sitahani kwa mafungu, wakapigwa maji ya bomba na sabuni, kisha kisanduku kikapitishwa vichwani, kikalia, wakarudishwa majini. Nywele za Limenwa zilioshwa mara tatu na bado kisanduku kilizilalamikia. Walipewa mashati ya wanamaji. Jenlik alipewa moja lililomfika kwenye vifundo vya miguu, akawa anatembea amelishika mbele kama bibi harusi anayevuka tope.

Limenwa alikuwa bado anangoja hayo "baadaye" aliyoahidiwa, ndipo aliposikia mnyororo wa nanga unavutwa.

Alikwenda kwa Kalep akitiririka maji. Akamkumbusha Enilok. Kalep akamwambia hesabu imetimia. Mzee Ninwoj, mkubwa wa kisiwa, alimwambia ofisa pale ufukweni kwamba watu wake ni sitini na wanne, na karatasi nayo ina sitini na wanne. Kwa hiyo hakuna aliyebaki.

"Imetimiaje, na mume wangu yuko Enilok?"

"Labda amerudi, dada. Labda yuko humu chini, hujamwona."

"Kalep, mume wangu nimelala naye miaka kumi na tisa. Humu ndani nitampoteza?"

Kalep akasema basi labda mzee Ninwoj alikosea. Limenwa akashuka ngazi za chuma akamtafuta mzee Ninwoj. Alimkuta kajilaza, uso umemwiva, beseni kifuani. Mzee akahesabu tena kwa vidole, nyumba hadi nyumba, akipumzika katikati ili atapike. Alipomaliza ni sitini na wanne, Lomuto akiwemo. Limenwa akapanda tena. Njiani mwanamaji akamzuia, akimwonyesha kwa mkono kwamba wanawake wakae upande ule. Akaenda upande ule, akazunguka, akatokea upande huu.

Safari hii ofisa alikuwepo. Limenwa akasema yote tangu mwanzo, polepole, kwa heshima, hata jina la mumewe akalitaja mara mbili. Kalep akayatafsiri kwa maneno matatu. Limenwa hakujua lugha ile lakini alijua urefu wa maneno yake mwenyewe, na hayo yalikuwa mafupi mno. Ofisa akajibu kwa maneno mafupi zaidi.

"Anasema nini?"

Kalep alisita. "Anauliza kama na wa kwako ana mkia."

Limenwa akaomba vichwa vihesabiwe. Kalep akauliza, akarudi na jibu. Watu wametawanyika, wengine wanaoshwa, wengine wako kwa daktari, wengine wamelala chini wanaumwa, na watoto hawatulii. Ni kazi ya saa mbili, na manowari ina mahali pengine pa kufika kabla jua halijainama. Hizo saa mbili ofisa hana.

"Kwenda Enilok kwa mashua ya mota si hata saa moja," Limenwa alisema.

"Mimi najua, dada. Karatasi ndiyo haijui."

Limenwa alikaa chini palepale kwenye chuma cha moto. Machozi yalikuwa karibu, akayakataa, maana mtu akilia mbele ya watu wa namna ile hupewa maji ya kunywa na kuambiwa akapumzike. Akajiambia kwamba ikiwa watu wako pungufu na karatasi imejaa, basi uongo uko kwenye karatasi. Akamwomba Kalep amsomee majina, yote, moja moja.

Kalep akasoma kwa uvivu. Limenwa akawa anakunja kidole kwa kila jina na kumwona mtu mwenyewe, yuko wapi, anatapikia wapi. Akasikia Neitok, watoto watatu, na Jenlik wa mwisho. Yakapita majina mengine kumi. Kisha akasikia jina lake mwenyewe, na Jenlik.

"Rudia hapo."

Kalep akarudia. Akanyamaza kabla hajamaliza, penseli ikashuka. Hakuhitaji kuelezwa. Kalep mwenyewe alilelewa na mama watatu.

"Umemwandika mara mbili," alisema Limenwa. "Mwambie."

Kalep akatazama huku na huku, akainama, akasema kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama. Alisema kazi ile kaipata kwa shida, na nyumbani ana midomo tisa. Ofisa akijua kwamba mkalimani, mtu wa visiwa, aliyechukuliwa kwa sababu anajua desturi za visiwa, ameandika mtoto mmoja kuwa wawili, atamshusha Kwajalein hiyohiyo. Basi yeye hawezi kusema kwamba karatasi imekosea. Ila mmoja wao, Limenwa au Neitok, akisimama mbele ya ofisa akasema kwamba mtoto si wake, kwamba alidanganya alipoulizwa, hapo atatafsiri neno kwa neno. Kosa litakuwa la mama, halitakuwa la penseli.

"Unataka niseme mtoto si wangu ili wewe ule?"

"Ili mume wako apone, dada. Mimi kula ni ziada."

Alitamani kumpiga kofi, akaona kofi litamchelewesha.

Akamwendea Neitok. Neitok alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mashua iliyoning'inizwa, wanawe wawili wamelala mapajani, Jenlik amesimama pembeni anakamua pindo la shati lake. Limenwa akamweleza mdogo wake jambo lote bila kupumua. Akamwomba amwondoe mtoto kwanza asisikie. Neitok akamwambia Jenlik aende kwenye kamba zile akaangalie samaki. Jenlik akatazama kamba, akatazama mama zake, akabaki palepale.

"Mdogo wangu, sema si wako," alisema Limenwa. "Ni maneno ya kwenye karatasi tu."

"Kama ni ya kwenye karatasi tu, sema wewe."

"Wewe una wawili wengine."

Hilo lilikuwa kosa, na alilijua kabla halijamtoka lote. Neitok akawashusha watoto mapajani, akasimama.

"Dada, mimi nilikupa. Sikumtupa. Nikisema mbele ya watu sikumzaa, ndipo nitakuwa nimemtupa. Uchungu niliusikia mimi, na wewe ulikuwepo ukinishika mgongo. Nisemeje?"

"Na mimi nisemeje? Nimemlea miaka mitano."

"Sijui," alisema Neitok. "Shemeji yangu ninampenda. Lakini hilo siwezi."

Wanawake wengine walishasogea. Mmoja aliona Neitok aseme, maana mzazi hata akikana damu inabaki. Mwingine aliona Limenwa aseme, maana ndiye mwenye mume. Mwingine akasema wote wawili wanyamaze, neno hilo halipo visiwani, halijawahi kusemwa, na likisemwa mara moja litakuwepo siku zote. Jortak akapenya katikati akajitolea yeye kwenda kusema kwamba mtoto ni wa kwake. Wakamwambia akakae na mama yake aliye ufukweni.

Chuma chini ya miguu yao kikaanza kutetemeka. Minazi ya kisiwa ikaanza kusogea kushoto, polepole, kama inayovutwa na mtu.

Limenwa aligeuka akaenda kwa ofisa. Alijua Jenlik yuko nyuma yake, maana alisikia shati lile kubwa likiburuzika sitahani, na alijua akisimama kumrudisha hatapata tena nguvu ya kuendelea. Akamshika Kalep mkono akamvuta mbele ya miwani ya mzungu yule.

"Huyu si mtoto wangu," alisema. "Nilidanganya. Mwandikeni kwa Neitok peke yake."

Kalep akatafsiri, na safari hii urefu wa maneno ulikuwa sawasawa. Ofisa akamtazama Limenwa jinsi anavyotazamwa mtu aliyekutwa na kuku wa jirani. Akauliza jambo. Kalep akaeleza kwamba anataka kujua kwa nini alidanganya. Limenwa akajibu kuwa alitaka aonekane na yeye ana mtoto. Jibu hilo alilitunga palepale, na lilipomtoka alishangaa jinsi lilivyofanana na kweli.

Ofisa akachukua penseli mwenyewe, akapiga mstari. Sitini na watatu. Akamtazama Kalep, akaitazama karatasi, akasema neno ambalo halikuhitaji mkalimani, kisha akapaza sauti kwa watu wa mashua. Chuma kikaacha kutetemeka.

Limenwa alipogeuka, Jenlik hakuwepo.

Mashua ilikwenda ikarudi, na kweli haikuzidi saa mbili kwa jumla. Lomuto alipandishwa kwa kamba kwa sababu mikono haikuweza kushika ngazi. Mabega na mgongo vilikuwa vimevimba malengelenge, na juu ya masikio nywele zilikuwa zikitoka zenyewe. Alikuwa amejifunika tanga la ngalawa siku tatu, akinywa maji ya dafu yakaisha, kisha akinywa maji ya kisimani yaliyokuwa na unga juu yake. Kapu la uwanga alipandishwa nalo, kazi yake yote ya kuchimba na kukuna na kuchuja. Mwanamaji mmoja akalipitishia kisanduku, kikapiga kelele, kapu likatupwa baharini. Lomuto akaangalia maji yanavyokuwa meupe mahali pale.

Walipomaliza kumwosha na daktari kumpaka dawa, Limenwa alikaa naye. Neno la kwanza alilouliza Lomuto ni mtoto yuko wapi.

"Yuko kwa Neitok."

Lomuto akamwita. Jenlik akaja mpaka hatua tatu hivi, akasimama. Lomuto akamwambia asogee, haumwi ugonjwa wa kuambukiza. Mtoto akajibu kwa adabu, macho yako chini, kwamba ameambiwa akae na mama Neitok kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Kisha akarudi alikotoka, shati limekusanywa mkononi.

Lomuto alimtazama mkewe. Limenwa akamweleza yote, na hakujipamba.

"Ungeniacha," alisema mumewe.

"Ningekuacha. Halafu leo ningekuwa namweleza mtoto kwamba baba yake nilimwacha afe kwa ajili ya mstari wa penseli. Hilo nalo ungenisaidia kulisema?"

Lomuto aliweka mkono wake wenye malengelenge juu ya goti la mkewe, ukamwuma, akauondoa.

Kwajalein waligawiwa mahema kwa karatasi ileile. Wenye watoto waliwekwa safu ya karibu na bomba la maji. Wasio na watoto waliwekwa safu ya mwisho, kwenye uzio, karibu na vyoo. Kalep alisoma kwamba Limenwa na Lomuto ni watu wawili, hema la mwisho. Limenwa alimfuata akamwambia sasa mume keshapatikana, arudishe jina la mtoto mahali pake. Kalep akasema karatasi imeshapigwa chapa, nakala nne, nyingine imeshakwenda kwa ndege. Akamwambia asubiri, huenda ikaandikwa nyingine mwezi ujao. Akamwambia pia, kwa aibu, kwamba amemshukuru Mungu kwa ajili yake.

"Mshukuru mtoto," alisema Limenwa.

Kesho yake asubuhi alikunja kitanda chake cha turubai, akakibeba kichwani kutoka safu ya mwisho mpaka safu ya kwanza, akakitandika ndani ya hema la Neitok. Neitok aliwasogeza wanawe bila kuuliza. Saa moja haikupita mwanamaji akaja na karatasi, akamwonyesha jina, akabeba kitanda akakirudisha kwenye uzio. Limenwa akamsindikiza, akamshukuru, akangoja aondoke, akakibeba tena. Mchana kilirudishwa. Alasiri akakileta. Watu wakawa wanakaa nje ya mahema kutazama, Jortak akawa anamwuliza kama hicho kitanda nacho kina mama safu ya kwanza. Lomuto, ambaye hakuweza kubeba kitu, alikuwa akitembea nyuma yake na mto.

Mara ya tatu mwanamaji alikuja, akasimama mlangoni, akamtazama mama huyu aliyevimba shingo, amekaa juu ya kitanda chake mikono mapajani, hana hasira, hana haraka. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni akaenda zake.

Jenlik alikuwa pembe ya ndani, amewapa mgongo. Tangu asubuhi alikuwa hivyo. Sasa aligeuza kichwa kidogo tu.

"Hapo ulipoweka kuna jua," alisema. "Mchana panaunguza."

Limenwa alitazama nafasi iliyobaki karibu na mtoto. Haikutosha kitanda. Hakuomba wasogee.

"Nitalala hapahapa hivyohivyo," alisema, akaanza kunyoosha turubai.